Mikanda ya video ya zamani inakufa: Hivi ndivyo picha zake zinavyohamishiwa kwenye kompyuta

Mtera. Zipo nyumba kando ya barabara ya Dodoma–Iringa ambazo juu ya kabati, au chini ya kitanda ndani ya sanduku la bati, kuna mikanda ya video ambayo haijachezwa miaka mingi. Ni harusi ya mjomba, kipaimara, msiba wa babu, au ngoma ya muheme iliyopigwa na kina mama wa Kigogo siku ya sherehe kijijini. Deki iliharibika, TV ya kichogo ikauzwa, mikanda ikabaki.

Wengi wanaamini mikanda hiyo iko salama ilimradi haijaguswa. Siyo kweli. Picha kwenye mkanda imehifadhiwa kwa sumaku juu ya utepe mwembamba wa plastiki wenye upana wa karibu nusu inchi. Joto, vumbi, unyevu na umri huula utepe huo taratibu, hata kama umefungiwa. Kila mwaka unaopita, rangi hufifia na mikwaruzo huongezeka.

Lakini kuna jambo la haraka zaidi. Kinachoweza kuisha kabla ya mkanda ni deki ya kuuchezea. Mfumo wa VHS ulianza kuuzwa Japan mwaka 1976, na kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizo, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Tangu hapo hakuna deki mpya inayotoka kiwandani. Zilizobaki ni zilizotumika, na spea zake zinazidi kuwa adimu. Siku ya mtaa kukosa deki nzima, mkanda mzima nao hautakuwa na faida.

Kwa hiyo kuhamisha video kutoka kwenye deki kwenda kwenye kompyuta ni kazi yenye muda wake, na muda wenyewe ni sasa.

Kwa nini mikanda hii ina thamani

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, aliyekuwa na TV na deki Bara alivitumia zaidi kuangalia mikanda. Kwa familia nyingi za mikoani, mkanda wa harusi au wa msiba ndio ulikuwa mara ya kwanza kujiona wakitembea na kuongea kwenye kioo.

Muziki wa Wagogo umebahatika kiasi. Dk Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki Desemba 2003, alirekodiwa studio na kusikika duniani, na kazi zake bado zinapatikana. Lakini bibi aliyeongoza muheme kijijini hakwenda studio. Kama alirekodiwa, yuko kwenye mkanda wa mtu, na pengine mkanda huo ni mmoja tu duniani.

Kuirekodi TV kwa simu hakutoshi

Njia ambayo wengi huijaribu kwanza ni kucheza mkanda kwenye TV, kisha kusimama mbele na simu na kurekodi. Ni bora kuliko kukosa kabisa, na kama deki inakaribia kufa basi afadhali hivyo. Ila matokeo yake si mazuri: mistari hupita kwenye picha, mwanga wa dirishani huonekana kwenye kioo, na sauti ya mkanda huchanganyika na ya jogoo, watoto na pikipiki inayopita.

Sababu ni kwamba simu hapo hairekodi mkanda. Inarekodi chumba ambacho ndani yake kuna TV. Njia sahihi ni kuchukua umeme wa picha na sauti moja kwa moja kutoka nyuma ya deki na kuuingiza kwenye kompyuta kwa waya.

Kosa la tundu la HDMI

Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. Mtu anaona kompyuta mpakato yake ina tundu la HDMI, ananunua waya wa HDMI au kibadilishi cha kutoka AV kwenda HDMI, anachomeka, anasubiri. Kimya. Anarudi dukani kugombana na muuzaji.

Tatizo siyo waya. Karibu kompyuta mpakato zote zina HDMI ya kutoa picha tu, yaani kuipeleka kwenye TV au projekta. Haipokei. Ni sawa na kumimina maji kwenye mdomo wa bomba ukitegemea yarudi tangini.

Kinachohitajika ni kifaa cha katikati, ambacho mafundi wengi hukiita kapcha. Ni kidude kidogo kinachotoshea kiganjani: upande mmoja kinapokea waya za deki, upande wa pili kina kichwa cha USB cha kuchomekwa kwenye kompyuta.

Kapcha inafanya nini

Deki hutoa picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. Kompyuta haielewi mawimbi, inaelewa namba. Kapcha hupima mawimbi hayo mara milioni 13.5 kwa sekunde kwa kiwango cha kawaida cha video, na kila kipimo kinageuzwa kuwa namba. Namba hizo zikipangwa zinaleta picha 25 kila sekunde, kila moja ikiwa na mistari 576.

Ziko za aina mbili kubwa, na ni vizuri kutozichanganya. Ya kwanza ni ya AV, yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Hii ndiyo ya deki na kamera za mikanda. Ya pili ni ya HDMI, kwa kamera za kisasa na vifaa vingine vyenye tundu la HDMI. Mwenye mkanda wa VHS akinunua ya HDMI, atalazimika kununua tena kibadilishi.

Vitu vya kuwa navyo

• Deki inayofanya kazi, au kamera iliyorekodi kama mkanda ni ule mdogo. Kamera yenyewe inaweza kuwa deki.
• Waya za AV: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia. Deki nyingi za zamani zina njano na nyeupe tu. Hiyo ni kawaida, sauti yake ni ya upande mmoja.
• Baadhi ya deki zina tundu pana la SCART lenye pini 21. Hapo huhitajika adapta ya SCART kwenda AV. Kama adapta ina swichi ndogo, iwekwe upande wa kutoa.
• Kapcha ya AV.
• Kompyuta yenye nafasi ya kutosha, na programu ya kurekodi. OBS Studio ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Hatua kwa hatua

1. Kuukinga mkanda. Kwenye mgongo wa mkanda wa VHS kuna kipande kidogo cha plastiki. Kikivunjwa, deki haiwezi kurekodi juu yake. Watu wamewahi kubonyeza kitufe kisicho sahihi na kufuta harusi nzima. Kazi hii ya sekunde tano huzuia hilo.

2. Kuukagua. Mkanda wenye ukungu mweupe unaoonekana kupitia kidirisha chake haupaswi kuwekwa kwenye deki. Utachafua vichwa vya kusomea, na uchafu huo utahamia kwenye mikanda mingine. Huo apewe fundi. Wenye vumbi la nje ufutwe kwa kitambaa kikavu.

3. Kuusokota upya. Mkanda uliokaa miaka mingi hupelekwa mbele hadi mwisho, kisha hurudishwa mwanzo, kabla ya kuchezwa. Utepe hulegea na kushikana ukikaa, na zoezi hili huukaza sawasawa.

4. Kujaribu deki kwanza. Uwekwe mkanda usio na thamani, kama ule wa sinema ya kukodi. Deki ikitafuna mkanda, bora itafune huo.

5. Kuunganisha. Njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, kutoka tundu la kutoa la deki kwenda kwenye kapcha. Kapcha ichomekwe kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB chenye vitu vingine vitano.

6. Kufungua OBS. Kwenye kisanduku cha 'Sources' hubonyezwa alama ya kujumlisha, kisha huchaguliwa 'Video Capture Device' na jina la kapcha. Mkanda ukichezwa, picha inatakiwa kuonekana hapo.

7. Kurekebisha vipimo. Ukubwa wa picha uwekwe 768 kwa 576, na fremu 25 kwa sekunde. Video za zamani zina umbo la mraba kidogo. Zikivutwa zijaze kioo kipana cha leo, watu wote wananenepa.

8. Kuzima maikrofoni ya kompyuta. OBS kwa kawaida hurekodi pia sauti ya chumbani. Isipozimwa, baada ya saa tatu za kazi mtu anagundua ngoma ya bibi ina mlio wa simu na mazungumzo ya jirani juu yake.

9. Kurekodi dakika moja ya majaribio. Isimamishwe, ifunguliwe, isikilizwe. Picha ipo? Sauti ipo? Midomo inaendana na maneno? Ikiwa sawa, mkanda hurudishwa mwanzo na kazi inaanza.

Njia ya mkato haipo. Mkanda wa saa tatu unarekodiwa kwa saa tatu. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii mjini hutoza kwa saa au kwa mkanda, na ndiyo maana mwenye mikanda ishirini anashauriwa aanze na ule ambao watu wake hawapo tena.

Picha nyeusi na nyeupe? Angalia PAL

Tatizo linalowatisha wengi ni picha kutokea bila rangi, au kupanda na kushuka bila kutulia. Mara nyingi mkanda ni mzima. Kilichokosewa ni mfumo.

Tanzania ilitumia mfumo wa rangi wa PAL. Marekani na Japan zilitumia NTSC. Baadhi ya kapcha na programu huja zikiwa zimewekwa NTSC. Kwenye mipangilio ya kapcha ndani ya OBS, mfumo ubadilishwe uwe PAL, na mara nyingi rangi inarudi papo hapo.

Kinyume chake pia hutokea. Familia yenye ndugu Marekani inaweza kuwa na mkanda wa mahafali uliotumwa kutoka huko, na huo ni NTSC. Deki ya PAL pekee haitauonyesha vizuri. Inahitajika deki inayokubali mifumo yote miwili.

Jambo jingine ni mistari kama meno ya kitana inayotokea mtu akisogea haraka. Video za zamani zilichorwa kwa nusu mbili, mistari ya kwanza halafu ya pili. Kwenye OBS hubonyezwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya chanzo cha picha, kisha hutafutwa 'Deinterlacing' na kuchaguliwa 'Yadif'. Kwa ngoma, ambamo mabega na miguu haitulii, tofauti yake inaonekana wazi.

Umeme ukikatika katikati

Bwawa la Mtera lina mtambo wa megawati 80, na barabara ya Dodoma–Iringa inapita juu ya ukuta wake. Hata hivyo umeme wake unaingia gridi ya Taifa, hivyo kuishi jirani na mtambo si dawa. Ukikatika, umekatika.

Kompyuta mpakato ina betri, itaendelea. Deki haina, itazima. Hilo si baya sana: ukirudi, mkanda hurudishwa nyuma dakika chache na kurekodi upya, kisha vipande viwili huunganishwa baadaye.

Baya ni pale kompyuta ya mezani inapozima yenyewe. Faili la kawaida la MP4 huandika orodha yake ya ndani mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, faili zima linaweza kukataa kufunguka, hata kama lilikuwa limefika saa mbili na nusu. Faili la MKV halina udhaifu huo: kilichorekodiwa hadi sekunde ya mwisho kinabaki. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya OBS aina ya faili iwekwe MKV, na kazi ikiisha hubadilishwa kuwa MP4 ndani ya OBS hiyo hiyo kupitia menyu ya 'File' na 'Remux Recordings'. Inachukua dakika chache na ubora haupungui.

Stabilaiza ya umeme kwa ajili ya deki nayo si anasa. Umeme ukirudi kwa kishindo, deki ya miaka thelathini ndiyo ya kwanza kuungua.

Nafasi kiasi gani?

Kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kwa VHS, saa moja huchukua takriban GB 2.7. Mkanda wa saa tatu unafika kama GB 8, na mikanda kumi ya aina hiyo ni kama GB 81.

Hapo kuna mtego mmoja. Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4. Mtu anaambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ya GB 32 iko tupu. Dawa ni kuifomati kwa mpangilio wa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kufomati kunafuta kila kitu.

Ambaye hana kompyuta

Simu nyingi za Android zinaweza kufanya kazi hii pia. Zinahitaji adapta ya OTG, kapcha inayotambulika kama kamera ya USB, na programu ya kuonyesha kamera ya USB kutoka Play Store. Si kila simu inakubali, na si kila kapcha ya AV inatambulika, hivyo kujaribu dukani kabla ya kulipa ni busara. Kapcha pia inakula chaji ya simu, na saa tatu ni nyingi.

Vipi kamera mpya na king'amuzi?

Kamera ya kisasa yenye HDMI hutumia hatua zile zile, isipokuwa kapcha ni ya HDMI. Makanisa na misikiti mingi inayorusha ibada mtandaoni hutumia utaratibu huu huu. Kamera ikionyesha namba na alama za betri kwenye picha, zizimwe kwanza kwenye mipangilio ya kamera.

King'amuzi ni habari nyingine. Vingi vina kinga kwenye HDMI yake, na kapcha itaonyesha giza tupu. Kapcha haijaharibika. Kinga hiyo imewekwa makusudi, na kurekodi mechi au tamthilia ya watu kwa ajili ya kuuza au kuonyesha kibandani kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mkanda wa harusi ya nyumbani hauna kesi hiyo.

Kazi haijaisha mkanda ukiisha

Faili lenye jina la tarehe na namba tu halimsaidii mtu. Baada ya miaka mitano hakuna atakayejua ni la nini. Jina zuri lina mwaka, tukio na mahali, kwa mfano: 1997 Harusi Mvumi. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe.

Kisha ndugu waitwe waangalie pamoja na wazee. Huyu aliyeshika ngoma ni nani? Yule mtoto mgongoni ni wa nani? Wimbo huu uliimbwa wakati gani? Majibu yaandikwe, au yarekodiwe kwa simu pembeni. Mashine inaweza kuokoa picha, lakini majina ya watu yako kwenye vichwa vya wazee, na huko nako hakuna anayejua kutabaki nini mwakani.

Nakala zisipungue tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Nyumba ikiungua au diski ikianguka, ya mbali itabaki. Kwenye kundi la familia la WhatsApp, video ikitumwa kama dokumenti haipunguzwi ubora, na kikomo chake ni GB 2, hivyo ni vizuri kukata vipande.

Na mkanda wenyewe usitupwe. Urudishwe kwenye jalada lake, usimamishwe wima kama kitabu, mbali na jua na spika kubwa. Ikitokea nakala imekosewa na deki bado ipo, utarekodiwa tena.